Kiti cha Nyuma

Nyamira, 9 Aprili 1951

Kwako Baba Persis,

Salamu zangu zikufikie zikiwa na joto, maana najua huko Nakuru ni baridi. Persis anakusalimu, mama yako anakusalimu, hata ng'ombe wanakusalimu kwa jinsi walivyokonda. Mimi ni mzima. Wewe je? Kifua kimekuacha? Nijibu hayo kwanza, usiyaruke kama kawaida yako.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Baba yako ni mgonjwa, tena si wa kuombewa tu. Ule uvimbe wa shingoni uliouona Krismasi ukiwa kama yai la kuku, sasa ni ngumi. Ugali hamezi tena. Anakunywa uji wa wimbi, na kila funda ni kukohoa mpaka machozi yanamtoka. Tulimpeleka kwa daktari mjini Kisii, akambonyeza, akasema yeye hawezi. Aliye na uwezo ni mpasuaji mmoja huko Nakuru, lakini mwisho wa Mei anapanda meli kwenda kwao Ulaya na haijulikani atarudi lini. Uvimbe usipokatwa kabla hajaondoka, koo litafunga. Alilisema hilo mbele ya mzee, bila kupunguza sauti.

Na mvua za mwaka huu huzijui. Serikali imeweka kizuizi barabarani, si basi wala lori linalopita kwenda Kericho. Wanaopita ni watu wa miguu, punda na baiskeli. Na pikipiki, Baba Persis. Kila barua umekuwa ukinisifia pikipiki yako hadi nikaanza kuionea wivu kama mke mwenzangu. Basi leo ifanye kazi ya ndoa. Njoo umchukue baba.

Mimi mkeo,
Mama Persis


Nakuru, 17 Aprili 1951

Kwako mke wangu Syprose,

Nakusalimu kwa wingi, wewe na binti yangu na wazazi wangu. Kifua kimepoa, nimejibu. Barua yako niliisoma nikiwa chini ya motokaa ya watu, nikabaki hapo hapo chini hadi bwana wa gereji aliponipigia kelele akidhani nimelala.

Nimekaa nikaipanga safari yetu, na kupanga kwenyewe ndiko kunanipa pumzi. Kwa mtu mwenye afya ni safari ya siku moja na nusu, lakini mgonjwa hawezi kukaa kitini muda mrefu, kwa hiyo tutakwenda siku tatu. Siku ya kwanza tunatoka Nyamira kukipambazuka, tunashuka mtoni, tunapanda Sotik, tunalala Kericho kwa Ongeri wetu, yule wa ukoo anayechuma chai. Siku ya pili tunapanda kuelekea Londiani. Hapo ndipo pabaya. Ni kona juu ya kona, upande huu ukuta wa udongo mwekundu, upande ule unatazama chini huoni kitu ila vilele vya miti. Nilipita hapo asubuhi moja mawingu yakiwa chini ya magurudumu, nikatamani sana baba aone. Siku ya tatu tunavuka mgongo wa Mau, tunapita Molo kwenye baridi inayouma meno, halafu ni kuteremka tu mpaka mlango wa hospitali.

Mtafutie koti lile zito. Uji mtie kwenye chupa, uwe mwepesi. Shona mto wa sufi wa kukalia. Atakaa nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu, kifua chake mgongoni pangu, nami nitamfunga kwangu kwa shuka asije akasinzia akaanguka. Bwana wa gereji amekubali niondoke mwisho wa mwezi. Msomee baba barua hii, aandae moyo.

Mumeo,
Baba Persis


Nyamira, 26 Aprili 1951

Baba Persis,

Salamu. Afya zetu ni zile zile, ila ya baba inateremka. Wewe huko u mzima? Nauliza kwa sababu nina mashaka na kichwa chako.

Uliniambia nimsomee. Nami, mtoto wa Wajaluo wa Kendu, Kikisii changu kikichechemea, nikasimama uani baada ya sala ya Sabato, majirani wamejaa, baba amekaa upande wake chini ya ukingo wa ghala, nikasoma na kutafsiri kwa sauti. Kericho wakaitikia. Mawingu chini ya magurudumu wakashangaa. Nikafika kwenye "mikono yake kiunoni mwangu." Baba Persis! Mama yako akatazama udongo. Mzee Ogari, baba yako mdogo, akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Baba akasimama taratibu, akaenda nyuma ya ghala, hakurudi.

Mimi nimeolewa hapa, nayajua ya chinsoni, hiyo miiko yenu ya haya na heshima. Najua baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba yangu, na mimi siingii alikolala. Najua baba na mwana hawaogi mto mmoja wala hawagusani. Lakini wewe ndiwe Mkisii uliyezaliwa! Ulisahau, au ulidhani mimi ndiye nitakayesahau kwa niaba yako?

Jioni akamtuma mama kwangu na maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Okemwa nimemshukuru. Lakini mtoto aliyetoka kiunoni mwangu, leo nimkumbatie kiuno barabarani, watu wa Sotik wakitazama? Heshima si utumwa. Nimeishi nayo, sitaivua sasa ili nipate miaka miwili ya kunywa uji."

Nimelia kwa hasira. Hata kwetu wakwe wanaheshimiwa, lakini mgonjwa haulizwi uji! Tafuta njia. Mkalishe juu ya taa, mkalishe juu ya tangi, popote ambapo hakugusi, lakini aje huko akatwe hicho kitu. Mimi nimeishiwa na akili.

Mama Persis


Nakuru, 4 Mei 1951

Kwako Syprose,

Nakusalimu mke wangu, na kunikaripia kwako nimekupokea, ni haki yako. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi ndio siujui.

Sikusahau. Nilidhani ugonjwa hauna haya. Tangu nilipotoka jandoni baba hajanigusa, hata salamu hunipa akiwa amesimama mbali. Hapa nilipo sijui kama mikono yake ni ya moto au ya baridi. Na sasa naambiwa anakufa. Nifanye nini, Syprose? Nimlazimishe? Mtoto hamfungi baba yake kwa kamba kama mbuzi wa soko la Nyamache.

Nimepata njia. Natengeneza kigari cha ubavuni, kile ambacho polisi Wazungu huwapakia wenzao. Kitakuwa na gurudumu lake na kiti chake, kitashikiliwa na pikipiki kwa vyuma vitatu. Baba atakaa humo kama chifu, mimi huku, yeye kule. Vyuma nimevitoa kwenye kitanda kikuukuu, kiti ni cha motokaa iliyopinduka Molo, gurudumu ni la toroli la maziwa. Nachomelea kila jioni kazi ikiisha.

Safari itakuwa ndefu zaidi, maana chombo cha magurudumu matatu hakilali kwenye kona, kinataka kukutupa nje. Badala ya siku tatu tuseme nne au tano. Lakini katikati ya mwezi nitakuwa hapo, na mpasuaji tutamkuta. Mwambie baba avumilie kidogo tu. Mwambie namjengea kiti chake.

Mumeo,
Baba Persis


Nyamira, 13 Mei 1951

Mume wangu,

Salamu zangu ni fupi, nisamehe. Tupa hayo machuma. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa kinachofunga ni koo. Hamezi uji tena. Tunampa maziwa kwa kijiko, nusu yanarudi.

Sikiliza yaliyotokea. Jumatano mama alikuwa kisimani, nikamsikia baba akipaliwa ndani kwake. Nilisimama mlangoni. Mguu wangu mmoja ulisema ingia na mwingine ukasema we mwanamke, utatukanwa hadi kaburini. Nikaingia. Nikamwinua, nikampiga mgongoni, nikamshikilia mpaka pumzi ikarudi. Ni mwepesi kama kuni kavu, Okemwa. Nilipotaka kukimbia nje akaniita kwa jina langu. Tangu niolewe hajawahi kuniambia neno bila kupitia kwa mama. Akasema, "Umenigusa na jua halijaanguka. Mwambie aje na pikipiki yake tu. Nitamshika."

Nililia palepale, na sikuona haya.

Na si maneno tu. Kesho yake nilimkuta amekalia kinu kilichopinduliwa, nyuma ya nguzo ya ukumbini, ameikumbatia nguzo kwa mikono yote miwili na shavu lake ameliegemeza hapo. Anajifunza! Akaniuliza, "Ni hivi?" Nikamwambia kaza, baba, halafu kwenye kona unalala anakolala yeye, usishindane naye. Akajaribu, akainamia kushoto, akainamia kulia, akacheka bila sauti. Mama yako akaingia akatukuta, akaketi chini kwa kucheka, halafu kicheko kikawa kilio.

Sasa kila asubuhi anavaa koti, anatoka na kigoda chake, anakaa kando ya barabara. Akisikia mngurumo wowote anasimama, hata ukiwa wa mashine ya kusaga. Ondoka leo. Usiilaze barua hii mfukoni.

Mkeo anayekuomba,
Mama Persis


Kericho, 16 Mei 1951

Kwako Syprose mpenzi,

Salamu kutoka kwa Ongeri. Nimefika hapa nikiwa na uhai, mengine yote ni matope. Tangu ile ya Aprili sijapata barua yako, labda zimelala posta kwa sababu ya barabara. Niliondoka Nakuru tarehe kumi na tatu.

Kigari kimekamilika, nimekipaka rangi ya buluu. Kule juu ya Londiani kilitaka kunitupa mara mbili, na mara moja gurudumu lake lilikuwa linazunguka hewani na chini yake ni bonde tupu. Nililia kwa woga, sikufichi. Lakini kimefika.

Sasa kuna balaa. Jana niliteremka mpaka mtoni. Daraja limechukuliwa na maji, wamelaza magogo mawili yaliyofungwa pamoja. Mtu anapita, baiskeli inapita, na pikipiki ingepita ikisukumwa. Kigari hakipiti. Wajenzi wanasema watatandika mbao kuanzia Jumatatu. Nimerudi hapa kwa Ongeri kungoja.

Ongeri ananiita mjinga. Anasema nikifungue, nikiache, nivuke. Lakini nivuke niende kufanya nini? Nisimame uani kwa baba na kiti kile kile alichokikataa, anikatae tena usoni, kisha nimwangalie akifa na pikipiki iko pale? Hilo siliwezi. Bora hizi siku chache. Tukiondoka Nyamira katikati ya wiki, mpasuaji bado yupo.

Ongeri anakuja kwa miguu kumwona mzee, ndiye aliyebeba hii. Msomee baba, na safari hii soma kwa sauti mbele ya watu wote: mwambie atulie, kiti chake kiko tayari, hatanigusa hata kidogo.

Mumeo,
Baba Persis


Nyamira, Jumamosi, 19 Mei 1951

Okemwa, mume wangu,

Mungu anisamehe kwa kuandika siku ya Sabato. Salamu za afya leo siwezi. Baba ametuacha asubuhi hii, kabla ya kengele ya sala. Alikuwa amekwisha kuvaa koti.

Ongeri alifika jana alasiri, matope hadi kiunoni. Baba alimwona kwa mbali, akasimama, akadhani wewe uko nyuma yake. Aliponiona na barua mkononi akaniashiria nisome. Majirani walikuwapo, mzee Ogari alikuwapo. Nikaifungua, nikaipitia kimya kimya, nikafika pale mwisho uliponiambia nisome kwa sauti.

Sikusoma. Nilimwambia, "Baba, anasema yuko mtoni, anangoja maji yapungue. Anasema umshike kwa nguvu, kona ni nyingi." Akaitikia kwa kichwa. Akaitazama mikono yake, akaifumba na kuifumbua. Ni mimi niliyemdanganya, na ungenirudisha jana ningemdanganya tena.

Barua yangu ya tarehe kumi na tatu iko njiani mahali fulani. Utaisoma siku nyingine, mimi nikiwa karibu yako. Usiisome peke yako, nakuomba.

Sasa sikia. Kaburi halijaanza kuchimbwa. Wewe ndiye mwana wa kwanza, jembe la kwanza ni lako, na hakuna mtu atakayeligusa kabla yako. Lakini mvua inanyesha na wazee wanasema baada ya Jumatatu hawawezi kungoja. Ongeri ameazima baiskeli ya mwalimu, anarudi huko na hii sasa hivi. Akikufikia, fungua vile vyuma vitatu. Kigari kiache hapo hapo kwake. Sukuma pikipiki juu ya magogo uje.

Mama yako ameketi karibu na baba. Persis anauliza kama babu bado anakwenda Nakuru.

Nimeuliza wazee jambo moja, na nimeliuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kumtuma mtu. Nimeuliza kama mwana anaruhusiwa kumbeba baba yake kumtoa ndani. Wametazamana. Mzee Ogari akasema kwa marehemu chinsoni imekwisha, na wewe ndiye utakayemshika mabegani.

Tunakungoja.

Mkeo,
Mama Persis