Neno Lililomuua Bwana Bushuti

Shangazi yangu Bi Asya,

Jana baada ya adhuhuri nilijilaza sebuleni, feni inazunguka, nikakuota. Ulikuwa umekaa zizini kwenye kigoda chako unamkama Sihami, na maziwa yalikuwa yakiingia ndooni bila sauti yoyote. Mchanga wa Bawshar, mtaani kwetu, ulikuwa ukipenya chini ya mlango, laini, ukanifika vifundoni, wala wewe hukushughulika nao. Ulinigeukia ukasema, "Zuwena, mbona umesimama kama mgeni?" Nikaamka mashavu yamelowa. Ndipo nikachukua karatasi, maana kuna jambo nililokuficha tangu nina miaka kumi na miwili, na juzi limenitoka mbele za watu.

Kwanza habari za nyumbani. Mwaka umepita tangu tukuzike. Ng'ombe wamebaki wawili, wote watoto wa Sihami, na wote wamerithi kiburi chake. Upande wa mchangani wamejenga majumba meupe mpaka mtu hajui tena wadi, lile bonde kavu la mto, inaanzia wapi, na kuna duka kubwa ambalo ngazi zake zinakwenda zenyewe. Nilikuwaza siku ile nilipozipanda. Ungesimama chini ukasema hupandi kitu kisichotulia. Mimi bado niko kazini Maskati, na kila asubuhi nikipita na gari kando ya bahari natamani kukupigia simu kukwambia kuna foleni. Sijui kwa nini hasa foleni. Labda kwa sababu ulikuwa ukisikiliza upuuzi wangu wote kana kwamba ni taarifa ya habari.

Hodhi la maji nyuma ya zizi lipo vilevile. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa alfajiri, baada ya sala, tukimngoja? Ukungu wa joto umetanda, vilima havionekani vizuri, halafu anatokea wadini taratibu, mfupi, mweusi tumboni, mgongoni mweupe kuanzia utosini hadi mkiani. Unguja hukuwahi kumwona nyegere. Ulipomwona huyu mara ya kwanza ulisema, "Tazama, kavaa bushuti kama anakwenda harusini," na tangu siku hiyo akawa Bwana Bushuti. Alikunywa maji, akatutazama kwa dharau, akaondoka zake. Sisi tulikuwa hatusemi mpaka apotee. Naziona asubuhi zile kama vitu vilivyotokea ndani ya maji.

Sasa nikwambie.

Unajua nyumbani kwetu lilikuwepo neno lisilotajwa. Babu alikufa Unguja kwa kifua kikuu, lakini hakuna aliyewahi kusema "kikuu" mbele yangu. Mlisema tu, "Babu yako kafa kwa kifua." Mlilikata neno nusu ili lisituingie ndani. Mimi nikakua nikijua kifua ni kile kilichomuua Babu. Skuli mwalimu akatufundisha jina lake kwa Kiarabu, *sull*, akatueleza kikohozi na kukonda na damu, nikasema moyoni, aa, kumbe ndicho kifua cha Babu.

Halafu akaja daktari wa mifugo. Kiarabu chako kilikuwa cha kuombea chumvi tu, na mimi ndiye niliyekuwa ulimi wako dukani, hospitali, kila mahali. Nilijiona mkubwa. Sihami alikuwa akikohoa siku mbili, ukaniambia, "Mwambie daktari ng'ombe wangu ana kifua." Nikamgeukia yule bwana nikamwambia kwa sauti, tena nimeinua kidevu, kwamba ng'ombe wa shangazi yangu ana *sull*.

Ami Hamad, jirani yetu, alikuwa amesimama ukutani. Nilimwona uso ukimbadilika.

Ilipofika laasiri mtaa mzima wenye ng'ombe ulikuwa umeshajua. Nami nilikuwa nimeshajua kosa langu, kwa sababu nilikusikia kwenye simu ukimwambia shoga yako kwamba Sihami kapaliwa na vumbi la dagaa wakavu tunaomlisha, kifua chepesi, kitapita. Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini polepole nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Shangazi, sikusema. Niliogopa utanicheka, kisha nikaogopa hutanicheka.

Wanaume walikusanyika kwa Ami Hamad. Mmoja akasema amemwona yule mnyama akinywa kwenye hodhi letu. Mwingine akasema wanyama wale hufukua makaburi, watakosaje maradhi? Wakakubaliana watege nyama yenye sumu wadini, wawamalize wote, mbweha na nyegere, ng'ombe wapone. Ukajitanda kanga yako juu ya buibui, ukanishika mkono, ukaenda kusimama mlangoni kwao. Nakumbuka mkono wako ulivyokuwa baridi katika joto lile.

Ulisema, nami nikatafsiri, neno kwa neno, safari hii bila kukosea. "Daktari kachoma ng'ombe wote sindano za kupimia maradhi, shingoni. Baada ya siku tatu atarudi kutazama nani kavimba. Sisi tunakaa matanga siku tatu kwa mtu alokwisha kufa. Nyinyi hamuwezi kukaa siku tatu kwa alo hai?" Ukaongeza, "Na mkishaua wote, ng'ombe akikohoa tena mtamuua nani?" Hilo la mwisho Ami Hamad hakulipenda. Alisema sawa, watangoja.

Hawakungoja. Siku ya pili asubuhi tulimkuta kwenye mawe ya wadi, bushuti limejaa vumbi, povu limemkaukia midomoni. Ulipiga magoti. Ulimgeuza kwa kijiti, tukaona matiti yamejaa. Kumbe Bwana Bushuti alikuwa bibi, tena mama. Tulitafuta shimo la watoto wake mpaka jua likatuchoma, hatukuliona. Ulichimba kwa jembe la bustani ukamfukia. Nilitaka kukwambia pale pale. Neno lilipanda mpaka kooni likarudi chini, na nimekaa nalo.

Siku ya tatu daktari akarudi. Shingo ya Sihami ilikuwa laini kama siku aliyozaliwa. Aliyevimba ni ng'ombe mpya wa Ami Hamad, yule aliyemnunua sokoni mwezi ule, ambaye wewe ulipomwona akishushwa uliniambia, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, huyu kakonda mno." Maradhi yalikuja kwa pikapu mchana kweupe, yamefungwa kamba, na mtaa mzima uliyatazama yakishushwa. Ng'ombe alichukuliwa. Wengine wakapimwa tena baada ya miezi, wakatoka salama. Wadini hakukuwa na mtu wa kuhesabu waliokufa.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba ukinijua utaacha kunipenda. Ni ujinga, najua. Ulipokuwa umelala hospitali mwezi wa mwisho nilikaa kitandani kwako nikikusugua miguu, nikafungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akaingia muuguzi. Mara ya pili ukaniambia nimalizie uji wako usiharibike, nikaunywa.

Wiki iliyopita yamerudi yale yale. Ng'ombe wawili wa Khalfan, mtoto wa Ami Hamad, wanakohoa. Vijana wameziona nyayo za nyegere karibu na hodhi letu, na Khalfan keshanunua sumu. Mimi nilikuwa sijui hata kama bado wapo! Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu kwa pumzi ile ile.

Juzi nikaenda kwa Ami Hamad. Ni mzee sasa, haoni vizuri, anakaa sebuleni na mkewe na birika la kahawa. Khalfan alikuwepo, amesimama. Nilisema yote. Kwamba siku ile wewe ulisema kifua, ukimaanisha kikohozi, mimi nikasema *sull*. Kwamba mnyama yule aliuliwa kwa neno la mtoto aliyetaka kuonekana anajua, na safari hii asiuliwe yeyote kwa neno la mtu, wapime kwanza. Nililia, Shangazi, mbele ya Khalfan.

Ami Hamad akaanza kucheka kicheko cha wazee kisicho na meno. Akasema, "Najua, binti yangu. Asya alikuja kwangu siku ile ile aliyorudi daktari. Alikuja peke yake."

Akasema ulisimama mlangoni na Kiarabu chako kile, ukimsemesha kama yeye ni mwanamke, "wewe mama umeua, wewe mama usirudie," naye hakuthubutu kukusahihisha. Ukamwambia neno lilikuwa lako. Kwamba wewe ndiye uliyesema *sull* kwa kutojua Kiarabu, na mtoto alitafsiri alichoambiwa, asilaumiwe. Yeye alikuwepo ukutani. Aliyasikia maneno yako ya Kiswahili, na Kiswahili kidogo alikijua tangu ujana wake. Mwanzo aliiamini tafsiri yangu, lakini uliposimama pale alijua unasema uongo. Akakwambia, "Sawa, Asya, ni lako."

Kumbe ulijua. Ulijua tulipokuwa tukilitafuta shimo la mama yule. Ulijua uliponiambia ninywe uji.

Ami Hamad akamgeukia mwanawe, akamnyooshea mkono, na Khalfan akatoa kichupa mfukoni akakiweka kwenye sinia la kahawa. Hakufurahi. Alisema siku tatu, hazizidi. Daktari anakuja Jumamosi, atasoma shingo Jumanne, na ninayo nafasi ya kupita nyumba zote zenye ng'ombe kabla ya hapo. Nimeanza. Nyumba mbili zimekubali, moja imenifungia mlango. Sijui nyegere wale watafika Jumanne au la. Nakuahidi kwamba kila alfajiri nitapita wadini na glavu na mfuko, na nyama yoyote nitakayoikuta nitaiokota mwenyewe. Na wakiniuliza nani alianzisha ule uvumi wa zamani, nitawaambia.

Mungu akurehemu, Shangazi, akupe kivuli. Ulijitwika neno langu mbele ya Ami Hamad ukaenda nalo kaburini.

Litue sasa. Nimelichukua.

Wako,
Zuwena