Kapu la Uyoga Nililokataa Kulitazama

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 14

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi sana. Kikohozi kimepoa? Wifi yangu na mapacha hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Shangazi yupo, anasema kutwa nzima mpaka redio inamwonea aibu.

Asante kwa kupiga simu siku ya mazishi. Najua kazini walikunyima ruhusa, wala hakuna anayekulaumu. Uliniuliza Mama alikuwa na nini, nikasema tumbo. Nilikuficha, ndugu yangu. Mama aliuawa na uyoga.

Ndiyo, Mama! Yule yule aliyetufundisha msituni tusikate shina, tuchimbe kwa kidole mpaka chini, tutazame kama kuna kifuko. Wenye kifuko ni sumu, hata unukie vipi. Wewe ulichapwa kwa kukatakata ovyo, unakumbuka?

Mwaka huu macho yalimpungua, akawa anaficha. Ananipa sindano nimtungie uzi, anasingizia vidole kufa ganzi. Nami fundi mzima, mtu wa sindano, nikakubali!

Jumanne ile mvua ilipokatika alikwenda msituni peke yake, akarudi na kapu tele, anacheka kama msichana. "Hebu njoo uniangalizie," akaniambia. Nilikuwa na sare za wanafunzi, kazi imenifika shingoni. Nikamjibu, "Mama nawe! Nani wa kukufundisha wewe uyoga?" Akacheka. Kisha akarudia tena, safari hii kwa sauti ya chini. Sikuinua hata kichwa.

Jioni alikula peke yake, kwa ile desturi yetu kwamba aliyechuma huonja kwanza, wengine tungoje kesho. Alfajiri akaanza kutapika. Daktari alisema sumu imeingia kwenye ini. Siku ya nne akatutoka.

Niliporudi kutoka hospitali nilichambua uyoga uliobaki kapuni. Kifuko hicho hapo, ndugu yangu, kinaonekana wazi. Dakika moja tu ingetosha.

Hakunilaumu. Aliniomba tu nisiwaambie watu kwamba alikuwa haoni, aliona haya. Ndiyo maana hapa wote wanajua ni tumbo, hata Shangazi. Lakini wewe ni mwanawe, siwezi kukudanganya. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja, amenikalia mapajani, hashuki.

Watu wanamiminika kunipa pole. Wananisifu eti nilimtunza Mama. Nawapa chai. Nimechoka na pole zao. Katika dunia hii mwenye haki ya kunigombeza umebaki wewe peke yako. Basi nigombeze, kwa maneno makali kadiri utakavyo, halafu mwishoni uniite dada.

Wasalimie wifi na mapacha. Shangazi anakukumbatia. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe salama.

Ni mimi, nikupendaye hata usiponijibu,
Dada yako