Mbuni wa Mama

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na nimekuwa wa pili katika imla. Bosi wa Mama kwenye karakana ya nguo alibandika tangazo: “Kila fundi awe mbuni. Kibarua atakayenifurahisha nitamwajiri.” Miwani ya Mama imevunjika, hivyo nilimsomea mimi, nikamweleza kwamba mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka. Mama akadarizi ndege huyo kwenye mfuko wa gauni la mtoto.

“Mama wee, nilisema mbuni wa kubuni!” Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wateja wanayagombania magauni yenye ndege huyo, na Mama ameajiriwa. Ulisema ungerudi akipata kazi ya kudumu. Msumari wa ukutani wa kutundikia kofia yako nimeupangusa.

Mimi binti yako, niliyekosea vizuri.