Upanga Wangu Umeshindwa na Bega la Mbuzi

Walubengo uko? Nimeaibika bana, nimeaibika!

Niko Kiminini kwa ngurario, harusi yetu ya kimila, ya mjukuu wangu Muturi, yule huniita Guka. Nyinyi huko Bungoma hamna hii: bwana harusi hukata bega la mbuzi mbele ya wazee. Asipolikata, hajaoa.

Unajua ile upanga ya mzungu iko kwa ukuta yangu, yenye nasema ilifyeka vichwa vitatu kwa vita ya Burma?

Juzi vijana waliona video ya watu wa angani. Ati panga zao ni mwanga tupu, zinapita kwa mlango wa chuma kama kijiko kwa uji. Nikawaambia hizo ni tochi! Panga ya ukweli ni yangu.

Muturi akaamini. Leo akaibeba, akihadithia kila mtu ile maneno yangu ya tochi.

Akakata. Nyama ikabonyea tu. Akakata tena. Ikabonyea! Nyama ya kuchoma, Walubengo!

Mzee Ngige, baba ya bibi harusi, akapitisha kidole kwa makali. "Gichuki, hii ni ya gwaride. Haijawahi kunolewa. Si afadhali ile tochi, hiyo angalau inachoma?"

Watu wakacheka mpaka wakalia.

Wahu, mama ya Muturi, akaleta kisu ya jikoni. Bega likakatika mara moja. Ameoa, Mungu asifiwe.

Lakini Muturi hakucheka. Akanirudishia upanga na mikono mbili, pole pole.

"Guka, ulikuwa unajua?"

Nikaifunika na koti. Nilikuwa najua, Walubengo. Tangu siku niliinunua.