Moshi Unaolinda Mikorosho

Newala, 22 Novemba 1998

Mwanangu Mama Glory,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Sisi hatujambo, sijui ninyi huko Masasi, wewe, mkwe wangu na mjukuu. Mama yako anakohoa kidogo, lakini jembe anashika na kwaya haachi, kwa hiyo usianze kuhangaika.

Habari kubwa ni kiwanda. Kile kiwanda cha korosho kilicholala tangu uko shule ya msingi, popo wamejaa, sasa kina mwekezaji na kinabangua tangu Februari. Mdogo wako Yoeli amepata kazi ya kulisha boila. Anachoma maganda ya korosho mchana kutwa, akirudi meno tu ndiyo meupe.

Moshi wake ni mzito, unawasha macho, na asubuhi unashuka mpaka mashambani. Hapo ndipo tulipopata akili. Unajua tangu chama cha ushirika kife, salfa inauzwa na wafanyabiashara kwa bei ya kumfukuza mtu dukani. Watu wakatazama: salfa ni vumbi, tunalipuliza alfajiri likae kwenye maua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, usiyale. Moshi nao unakaa kwenye maua, unawasha vilevile, tena wa bure. Basi mwaka huu karibu kijiji kizima hatukupuliza salfa, na mikorosho imezaa hadi matawi yameinama! Jirani yetu Bwanali peke yake ndiye aliyehangaika na mashine mgongoni. Tulimcheka sana.

Walikuja pia vijana wawili wa Dar es Salaam na vyombo vya kupimia hewa. Wakatuambia moshi wa viwanda una hewa ya ukaa, unapanda na kuifunika dunia kama blanketi, joto linazidi, mvua zinavurugika. Mzee Halfani akasimama: "Wanangu, hilo blanketi kaanza nani kulifuma? Bomba letu ni moja, halijatimiza mwaka. Waambieni wenye mabomba elfu wazime kwanza, sisi tutafuata." Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga.

Mama yako anakusalimu. Kile kitambaa chake cheupe cha umoja wa akina mama wa kanisani siku hizi anakianika ndani. Nje kinajaa masizi.

Baba yako,
Cuthbert

—

Mkomaindo, Masasi, 17 Januari 1999

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Glory ameanza darasa la kwanza na anajiona mkubwa kuliko mwalimu wake, ambaye ni mimi.

Baba, uliandika "anakohoa kidogo". Nilipokuja Krismasi nilimkuta Mama anashika ukuta kutoka kitandani hadi mlangoni. Ndiyo maana nilimchukua. Daktari amempima hapa. Si kifua kikuu. Amesema ni moshi, na kwamba dawa anazompa hazina kazi kama akirudi kukaa chini ya lile bomba. Tangu aje analala usiku mzima. Juzi aliimba akiosha vyombo.

Naomba umwache abaki kwangu. Na tafadhali Baba, moshi si salfa. Mwaka jana ubwiriunga haukuja kwa nguvu hata huku Chiungutwa, ambako hakuna kiwanda. Mlibahatika tu. Nunueni salfa kabla ya Juni.

Mwanao,
Ethel

—

Newala, 9 Machi 1999

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amefika salama. Najua umekasirika, na mimi sikumwita. Alisema mwenyewe, mama mkwe hawezi kulala mwezi wa pili nyumba moja na mkwewe, akakutana naye ametoka kuoga na taulo begani. Alisema bora akohoe kwake. Ungemjengea hata kibanda cha pembeni ungemweka, lakini uwanja wenu naujua, hata kuku hawana pa kugeukia.

Ameanza tena kukohoa. Mvua ya kwanza iliyoshuka kwenye bati iliingia tangini nyeusi, tukaimwaga, na maji ya Newala unayajua yalivyo dhahabu. Nilimwambia Yoeli amuulize meneja kama bomba linaweza kuongezwa urefu. Meneja alimjibu kwamba kazi ya boila ina watu wengi wanaoitaka.

Kuhusu salfa, nilisema kwenye kikao. Wakaniuliza, "Mwaka jana ulivuna au hukuvuna?" Nilivuna.

Baba yako,
Cuthbert

—

Mkomaindo, 21 Aprili 1999

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama naye.

Sitaki ulisikie hili kwa watu. Nimeandika malalamiko kwa ofisi ya afya ya wilaya. Nimemtaja Mama kuwa mlalamikaji, kwa jina lake kamili, Cecilia, mke wa Cuthbert, na cheti cha daktari nimekiambatanisha. Sikuomba kiwanda kifungwe. Nimeomba waongeze urefu wa bomba na kuweka kitu cha kuchuja moshi. Mama alinipa ruhusa kabla hajaondoka. Alisema, "Andika, lakini usimwambie baba yako mpaka iwe imekwenda."

Unisamehe kwa hilo la kukuficha. Kwa kuandika siombi msamaha.

Mwanao,
Ethel

—

Newala, 3 Agosti 1999

Mama Glory,

Mimi mzima. Mama yako hali si nzuri.

Maofisa walikuja Mei, wakampa mwekezaji miezi michache ya kurekebisha bomba. Yeye hakurekebisha. Alifunga geti, akabandika tangazo kwamba kazi imesimama kwa sababu ya malalamiko ya wananchi. Hakusema mwananchi gani. Karani wake alisema.

Juni moshi haukuwepo, na salfa hakuna aliyenunua. Ubwiriunga umeingia hata usiulize. Maua meupe kama yaliyomwagiwa unga, sasa yamekuwa meusi yanaanguka. Shamba langu pia. Lililobaki ni la Bwanali, naye watu wanasema ana dawa yake. Dawa yenyewe ni salfa, mifuko mitupu imelala uani kwake na kila mtu anaiona, lakini hawataki kuiona. Wanachosema ni kwamba moshi ulikuwa unalinda mikorosho, na binti wa Cuthbert ameuondoa.

Yoeli na wenzake wote hawana kazi. Mkewe haongei na mama yako. Kisimani wanawake wanasogeza ndoo zao mbali na zetu. Mama yako analala amekaa, na moshi wenyewe haupo tena. Ulichelewa kuzimika, mwanangu. Njoo umwone.

Baba yako

—

Newala, 12 Februari 2000

Mwanangu Mama Glory,

Salamu. Mimi nipo, miguu inauma. Mjukuu wangu hajambo?

Tangu tumzike mama yako Septemba hatujaandikiana, na sikukulaumu. Lakini kuna jambo uliliona siku ile ukanyamaza, na mimi nikanyamaza. Kaburi la Cecilia lilichimbwa na Yoeli, Bwanali na mimi. Mtu wa miaka sitini na kitu nachimba kaburi la mke wangu, na vijana niliowabeba siku ya ubatizo wao wamesimama barabarani wakitazama. Padri alisoma, wakaimba watu sita. Mama aliyeimbia kila maiti wa kijiji hiki! Nililia, na sikulia kwa ajili ya kifo.

Sasa mwekezaji amerudi. Anasema atawasha boila mwezi wa tano, bomba lilelile, ila ofisini kuna jalada la malalamiko na marehemu ndiye mlalamikaji. Wanataka barua ya familia kwamba tunayafuta, na kwamba ugonjwa wake haukutokana na moshi. Wazee walikuja kwangu jana, mara ya kwanza tangu msiba. Halfani aliketi kwenye kiti changu na kuomba maji ya kunywa. Hawakunitisha. Walisema tu, "Cuthbert, tunataka kuishi na wewe."

Mimi najua kilichomuua mama yako. Nilikuwa nalala naye. Najua pia salfa ni salfa na moshi ni moshi. Lakini Yoeli ana watoto watatu wanakula makapi ya mahindi, na mimi nazeeka, nikifa nitazikwa na nani? Bwanali naye anazeeka.

Malalamiko uliandika wewe, na mwandiko wako wanaujua. Andika na hii. Sikuamuru, nakuomba.

Baba yako,
Cuthbert

—

Mkomaindo, 30 Aprili 2000

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Glory anakuulizia kila siku.

Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Nilikuchukia wiki nzima, Baba, nakuambia kweli. Kisha nikakukumbuka umesimama ndani ya shimo lile, kifua wazi, unatupa udongo juu na nusu unakurudia usoni. Sitaki siku yako Yoeli achimbe peke yake.

Barua waliyoitaka imo humu. Nimeandika kwamba Mama alikuwa na kifua tangu utotoni. Nimeandika kwamba familia haina malalamiko. Darasani nafundisha watoto kwamba uongo ni dhambi, na huu nimeuandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, ili wasipate shida kuusoma. Sahihi sikutia. Utie wewe, uliyelala naye.

Glory hatakuja likizo, wala likizo nyingine, boila likiwaka. Ukitaka kumwona, njoo wewe. Mume wangu amejenga chumba kimoja nje, pembeni kabisa, chenye mlango wake. Kimekwisha wiki hii. Tulianza kukijenga Mama akiwa hai.

Kwenye kifurushi utakuta kitambaa chake cheupe, nilichokichukua siku za msiba. Nimekifua huku mpaka maji yakatoka safi. Siku watakapowasha, akina mama wakipiga vigelegele, kianike nje, Baba, kwenye kamba yake. Jioni ukianue, ukitazame, halafu uwapelekee wazee nao wakitazame.

Mwanao,
Ethel