Kamba ya Katani na Zizi la Baba

Kambini, Idodi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na Mama, kifua kimeachia? Viazi mmeshachimba au mnanisubiri mimi? Huku mimi ni mzima, ila jua la Idodi limenigeuza mkaa, baridi ya Mbeya naiota.

Kazi niliyopata ni kutunza mahema ya wapimaji wa barabara. Wiki mbili zilizopita mahema mawili yalilala kwa upepo, kamba zake kuukuu zilikuwa zimelegea. Nyapara wetu, mtu wa Igowole asiyecheka bure, akanituma Iringa mjini ninunue kamba rahisi zisizovutika. Akasema hema likianguka tena, nikunje blanketi nirudi kwetu.

Dukani nikaonyeshwa kamba mpya ya nailoni, inang'aa, bei yake kali. Nikafanya kama wewe: kila kamba nikaifunga kwenye nguzo ya baraza, nikapima kwa mkono, nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote, nikapima tena. Watu wakajaa kunitazama. Nailoni ilirefuka shibiri nzima, ya pamba nayo ikafuata. Katani nyembamba, rahisi kuliko zote, haikusogea hata kidole. Nikarudi nayo kichwa juu.

Kumbe furaha yangu ilikuwa ya mapema. Nilizikaza mno, na mchana mvua ikanyesha. Katani ikanywa maji, ikafupika, ikang'oa vigingi, hema likamfunika bwana mpimaji na chai yake mkononi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nyapara hakucheka.

"Kunja blanketi," akasema.

Nikamwomba siku mbili tu. Nikaloweka kamba zote mtoni, nikazianika zimevutwa kati ya miti, zilipokauka nikafunga upya, nikiziachia kidogo, vile ulivyonifundisha. Ikaja mvua ya mawe, na hakuna hema lililotikisika. Blanketi langu bado liko kitandani.

Sasa Baba, nina jambo. Ile kamba ya katani ya zizi letu iliyong'oa nguzo mvua iliponyesha, ng'ombe wakala mahindi ya mchungaji wa kanisa: uliniagiza niiloweke kwanza, mimi nikaenda kucheza mpira, nikakudanganya nimeiloweka. Ukamlaumu Mzee Mwalingo, jirani aliyekuuzia, na mpaka leo mnapishana kanisani kama wageni. Nisamehe, nimeona haya sana.

Nisalimie Mama, dada Tusekile na wanawe, na shangazi mpika pombe. Mzee Mwalingo usimtumie salamu. Mguu ukiruhusu, mfuate nyumbani kwake, umwambie kamba yake ilikuwa nzima.

Ni mimi mwanao, mwongo wa zamani,
Anangisye