Milango ya Choo cha Wasichana

Jumapili, 3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima. Baba anakohoa kidogo ila anasema si yeye, ni vumbi. Na wewe je? Mgongo umepoa, au bado unakalia kiti kile kile cha ofisini?

Kurasa za kitabu chako cha watoto, cha hotuba za watu mashuhuri na vitu vya kutengeneza, nimezipata na nimezisoma zote, hata zile ulizoandika "bado, usisome". Umeniomba nijaribu vitu vya kutengeneza kabla kitabu hakijapigwa chapa, basi nakupa taarifa. Kipaza sauti cha maboksi kinafanya kazi. Nilikijaribu jikoni, mama akaangusha sufuria. Tatizo ni gundi yako ya unga: asubuhi nilikuta sisimizi wamehamia humo na familia zao. Mama anasema uandike watie siki kidogo.

Hotuba nazo ni tamu. Nilizisoma kwa sauti mpaka jirani akauliza kama kuna uchaguzi. Ila Shangazi, watu wako wote waliomba vitu vikubwa: uhuru, kura, haki. Hakuna aliyewahi kuomba mlango?

Choo chetu cha wasichana shuleni kina vyumba vitano na hakuna mlango hata mmoja. Milango ilioza, ikang'olewa, ikaishia hapo. Tunakwenda wawili wawili, mmoja anasimama nje ametandaza sweta. Dada wakubwa hawanywi maji kutwa ili wasihitaji kwenda. Wiki iliyopita rafiki yangu Kidoti alizirai mstarini, nesi akasema ni kiu. Kiu, na bomba lipo pale pale uani. Kwenye mikutano ya wazazi jambo hili husomwa mwisho, watu wakiwa wameshashika mikoba yao. Mkutano mwingine ni katikati ya mwezi ujao. Nataka kuhutubia. Nianzeje?

Mwanao,
Chiriku


Jumanne, 12 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Mgongo umepoa, sasa kinachoumwa ni kiti. Mwambie kaka yangu aende zahanati, vumbi halikohoi.

Siki nimeiandika. Kuhusu mlango, umenishika pabaya. Nimeishi na hotuba hizi mwaka mzima na swali hilo halikunijia.

Kwanza omba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu. Ukipewa nafasi, usishukuru kila aliyehudhuria, utawamaliza hamu. Sema unachotaka mapema, kabla hawajaanza kutazama saa. Tafuta jambo ambalo kila mtu mle ndani analijua mwilini mwake, uanzie hapo. Ukimaliza, kaa. Hotuba nyingi nzuri zimeuawa na "jambo la mwisho".

Tena waonyeshe nyinyi wenyewe mtafanya nini. Mwombaji aliyeshika nyundo husikilizwa zaidi. Soma tena kurasa za kupima na kukata mbao, lakini usiguse msumeno bila mtu mzima. Nakujua.

Shangazi yako


Jumamosi, 2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Baba alikwenda zahanati akapewa dawa, na sasa anaisifu kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Mwalimu Mkuu amekataa. Hakunigombeza, alisema tu kwamba choo si jambo la mtoto kulisimamia mbele ya watu wazima. Nililia njia nzima mpaka nyumbani kwa kina Kidoti. Mama yake ni seremala, mtaa mzima unamwita Mama Randa. Alinisikiliza huku anapiga randa, halafu akauliza, "Amekataa hotuba. Mlango je, amekataa?"

Hakuukataa. Hakuutaja kabisa.

Basi tumeutengeneza. Tuko wanne, tumetumia mbao za makasha ya sokoni na kurasa zako. Mara ya kwanza tulipima upana tukasahau kwamba mlango lazima ufunguke, ukakwama kama mtu mnene kwenye fulana ya mtoto. Liandike hilo. Wa pili umekaa sawa, na una komeo kwa ndani. Kidoti ndiye aliyelipigilia komeo, na alilifunga na kulifungua mpaka mama yake akamwambia litachakaa.

Tunataka kuupeleka mkutanoni tarehe 16, tusimame nao nyuma, kimya. Huo ni utovu wa adabu? Nijibu haraka.

Mwanao,
Chiriku


Jumapili, 17 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hukunijibu. Baba anasema umebanwa na kazi, mama anasema tusubiri. Nakuombea uwe mzima.

Tulikwenda. Tuliubeba mlango wanne, tukasimama nao nyuma ya ukumbi wakati wanajadili uzio na kengele. Mwishoni mwenyekiti wa wazazi, baba mmoja mwenye sauti ya radi, akauliza mlango ule ni wa nini. Mwalimu Mkuu alinitazama. Kipaza sauti nilikuwa nimekisahau nyumbani. Lakini mtu mzima akikuuliza, adabu ni kujibu, sivyo?

Nikasema, "Ni wa choo cha wasichana. Tunaomba mingine minne. Mwenye mlango wa choo nyumbani kwake naomba anyooshe mkono."

Wote wakanyoosha.

Nikasema, "Kesho uacheni wazi kutwa nzima, hata wageni wakija."

Hapakuwa na aliyecheka. Mikono ilishuka mmoja mmoja, na wa baba yangu ulikuwa wa kwanza. Nilikuwa na maneno mengine mengi, nikakumbuka ulivyosema, nikakaa. Kwa kuwa hapakuwa na kiti, nikakaa sakafuni.

Mwalimu Mkuu akaja mpaka nyuma. Nikajua leo ndiyo leo. Akaufungua mlango wetu, akaufunga, akalijaribu komeo. Akamgeukia Mama Randa akamuuliza minne itahitaji mbao ngapi. Halafu akaniambia, mbele ya wote, "Nilikosea kukunyamazisha." Hapo ndipo nilipolia, baada ya kujizuia muda wote ule.

Wazazi wameahidi mbao na bawaba, na Jumamosi zote tutafanya kazi. Wavulana nao wamejitolea, tutawapa kupiga msasa.

Andika basi.

Mwanao,
Chiriku


Jumatatu, 25 Machi

Chiriku wa moyo wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila kazini mambo yaliniharibikia. Bosi wangu alitaka kurasa zote za kutengeneza zitolewe. Alisema kitabu ni cha kusoma, watoto watajikata. Ningekujibu nini kuhusu mlango wako, na kurasa zenyewe zinakwenda jalalani?

Barua yako ilifika asubuhi ya kikao cha mwisho. Mimi ni mtu wa kuandika. Vikaoni huwa naitikia kwa kichwa. Siku hiyo nikasimama, hata sijui nani aliniinua. Nikasema, "Tukizitoa kurasa hizi tutakuwa tumewafundisha watoto kuomba tu." Nikakaa kabla sijaharibu. Kisha nikawasomea barua zako mbili za mlango, na yule mama wa uchapishaji, ambaye hajawahi kucheka kazini, akacheka kwa habari ya mtu mnene na fulana.

Kurasa zinabaki. Bosi ametaka tu mikono yote kwenye picha ichorwe na glavu. Tena ametaka sura moja zaidi, ya watu walioomba vitu vidogo. Unaniruhusu nianze na mlango?

Nimecheza peke yangu sebuleni. Mgongo haukusema kitu.

Shangazi yako


Jumapili, 14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na ruhusa umepata, ila uandike kwamba tulikuwa wanne.

Milango yote mitano imesimama. Tumeipaka rangi tofauti kwa sababu kila mzazi alileta mabaki yake, na wa njano una foleni kuliko mingine. Bomba la uani lina kazi sasa, watu wanakunywa maji kama ngamia. Juzi walimu wawili walikuja kimyakimya kumuuliza Mama Randa kama kuna mbao zilizobaki, maana mlango wao unashikiliwa na kamba.

Shida tuliyo nayo ni nyingine kabisa. Kuna mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajawahi kuwa na mahali pa peke yake, kwao wanalala sita chumba kimoja. Akiingia anafunga komeo, anaanza kuimba. Anaimba nyimbo zote anazozijua, anarudia na viitikio, sisi tuko nje tumebana miguu. Ijumaa Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuja kumgongea. Akasikiliza kidogo, akatuambia tumwache amalize ubeti.

Mwanao,
Chiriku